Miguu ya Akina Poupardin

Anselme Poupardin alikuwa mtu wa kuchukia kwa utaratibu. Asubuhi alimchukia kabaila, mchana alikula akashiba, jioni alimchukia padri kidogo, kisha akalala fofofo mpaka majogoo. Chuki ya namna hiyo haimdhuru mtu. Alistaafu kazi ya posta akiwa na mashavu mekundu, tumbo la wastani, na miguu ambayo vijana wengi wa Saint-Ygnon wangeitamani.

Miguu hiyo ndiyo habari yenyewe. Katika kijiji chetu hapakuwa na mlango ambao haikuufikia. Anselme aliingia majikoni mwa watu na barua mkononi, akaonja supu, akasema imekosa chumvi, akatoka. Aliingia hata kanisani, kofia kichwani, akampa padri barua zake na kumkumbusha kwamba Mungu hayupo. Padri alimshukuru kwa yote mawili. Lango moja tu hakulivuka maisha yake yote ya kazi, nalo ni lango la kasri la Valgondin, kule mwisho wa kijiji, mbele ya barabara ndefu yenye miti pande mbili.

Kisa kilianza na uyoga. Babu yake Anselme, mzee Théodule, aliingia katika msitu wa kasri wakati wa mvua za vuli akaokota uyoga mmoja, mmoja tu, lakini mkubwa wa kutosha familia. Msimamizi wa kasri akamkuta nao katikati ya ile barabara ya miti. Hakumpiga. Alimvua viatu vyake vya mbao, akamwambia kwamba aliyekuja kuiba kwa miguu atalipa kwa miguu, akamwacha aende zake peku kwenye matope ya baridi huku kijiji kizima kinatazama kupitia madirishani. Uyoga ulikaangwa na mayai, akaula Mwinyi, mwenye kasri wa wakati huo. Théodule alifika nyumbani, akaosha miguu, akaita watoto wote wa ukoo na kuapa: mguu wa Poupardin hautakanyaga tena ardhi ya Valgondin wala sakafu yake.

Wengine hurithi shamba. Akina Poupardin walirithi hicho kiapo, wakakitunza kuliko shamba.

Sasa mpe mtu wa ukoo huo kazi ya kupeleka barua, uone. Anselme alisimama nje ya lango kila asubuhi akapiga kengele ya baiskeli mpaka Mwinyi Aymar de Valgondin atoke mwenyewe. Watumishi walikuwa wameondoka mmoja mmoja, maana ukuu wa kasri ulibaki kwenye jina tu, na paa lilikuwa linavuja juu ya vichwa vya mababu wote waliochorwa ukutani. Kwa hiyo Mwinyi alishuka barabara nzima kwa miguu, mwavuli mkononi, kofia ya sufu imemfunika masikio.

"Ndugu Valgondin! Barua ya rejista!" Anselme alimwita "Ndugu" makusudi, kama alivyowaita wenzake wa Chama cha Kikomunisti, ili amuudhi.

"Nakuja, Bwana Poupardin. Ungesogea hatua mbili tu ndani, ungeniokoa na mvua."

"Hatua mbili ndizo zilizomrudisha babu yangu peku."

"Babu yako, babu yangu! Wote wamelala makaburini, wakavu. Tunaolowa ni mimi na wewe."

"Tia sahihi hapa. Halafu unisikilize kuhusu uchaguzi."

Na hapo walianza. Waligombana kuhusu uchaguzi, kodi, bei ya ng'ombe, hata hali ya hewa, huyu ndani ya lango na yule nje, mpaka barua nyingine zinalowa mfukoni. Anselme alipolazwa hospitali kwa ngiri, kijana aliyemshikia kazi aliingia na gari la posta moja kwa moja mpaka mlangoni mwa kasri. Siku ya tatu Mwinyi alikwenda posta mwenyewe kulalamika. Alisema analetewa barua vibaya.

Mimi nasema walipendana. Usimwambie Anselme ukikutana naye.

Huguette, mkewe Anselme, alikuwa mpishi wa shule. Ana sauti ya kuita watoto wakiwa uwanjani na mikono ya kuinua masufuria, na hakuna mtu Saint-Ygnon aliyewahi kumaliza naye ubishi akabaki na hamu ya mwingine. Alipokuwa mdogo, mama yake alifua mashuka ya kasri. Siku moja mtoto alitafuta choo akapotea, akajikuta kwenye chumba kidogo mbele ya picha ya mwanamke aliyekaa dirishani akimnyonyoa bata bukini. Alisimama pale muda mrefu akiamini ni mama yake. Alipotafutwa na kupatikana alipigwa kibao, na ile haja pia ilikuwa imekwisha kumshinda. Picha hakuisahau.

Basi Mwinyi Aymar alipoamua kuwafungulia wageni kasri ili waone mkusanyo wake wa picha na wachangie paa, akatafuta watu wa kijijini wa kuwaongoza, mtu wa kwanza mlangoni alikuwa Huguette, nywele zimetengenezwa.

Ugomvi wa nyumbani kwao siku ile ulisikika mpaka kwenye kituo cha mafuta.

"Wewe ni Poupardin!" alifoka Anselme. "Umechukua jina langu!"

"Nimechukua jina, ndiyo. Nilikupa mkono wangu mbele ya meya, watu wakashuhudia. Miguu sikukupa. Miguu yangu ni ya kwa baba yangu, na kwa baba yangu hakuna aliyemwapia mtu kwa ajili ya uyoga."

Supu ikapoa mbele ya Anselme. Mwisho alisema haya nenda, lakini ndani ya nyumba hii sitaki kusikia hata neno moja la picha za kabaila.

Kwa hiyo Huguette alifanyia mazoezi bandani kwa kuku. Kila jioni alisimama katikati ya banda na ndoo ya mahindi, akawapitisha kuku kasri zima, chumba kwa chumba, na kuwaonyesha picha ambazo hazikuwapo. Jogoo aliitwa Jenerali. Kulikuwa na kuku mmoja mwekundu, Rozalia, mwenye tabia ya kuruka juu ya kitu chochote kilicho safi. Anselme alikaa upande wa pili wa ukuta wa banda, kwenye benchi, gazeti la Chama limefunguliwa mbele yake. Alikaa pale hata kwenye baridi ya kuuma. Tuliopita njiani tulishangaa habari za Chama zimekuwa ndefu kiasi gani, maana ukurasa haukugeuzwa.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mmoja afe, lakini paa halikukubali. Kipupwe kile maji yalipita dari yakamwagikia babu mkubwa wa akina Valgondin, yule mwenye nywele za bandia, rangi ikaanza kumchuruzika puani. Mwinyi aliweka ndoo. Aliweka na nyingine. Alipokosa ndoo akaomba masufuria ya shule, na hapo akajua amefika mwisho. Hakuwa na mtoto. Aliamua kuutoa mkusanyo wote kwa jumba kubwa la makumbusho huko mji mkuu, bure, ili picha zipate paa. Magari yangekuja Jumatatu kuzibeba. Jumapili wageni wangetembezwa kwa mara ya mwisho.

Huguette alimwambia mumewe mezani, wakati wa jibini.

"Anselme, njoo Jumapili."

"Huguette..."

"Ngoja nimalize. Sijawahi kukuomba hili. Yule mama na bata wake anaondoka, na sitakuwa na kitu cha kukuonyesha tena. Nataka umwone. Nami nataka unione, nikiwa nimesimama pale. Watu wanatoka mbali kunisikiliza, wewe ndiye hujawahi."

"Kuna kiapo," alisema Anselme, akitazama jibini.

Huguette aliitikia kwa kichwa. Akainuka, akaosha vyombo. Hakupiga kelele, hakugonganisha sahani, hakumtaja Théodule wala uyoga wake. Kesho yake alipika vizuri sana, na siku iliyofuata akapika vizuri zaidi, akamwuliza kama ameshiba. Hapo ndipo Anselme alipoogopa kweli kweli. Katika ndoa yao ndefu hakuwahi kuona Huguette mpole. Usiku alijigeuza kitandani akijua kwamba Jumapili ikipita bila yeye, mkewe hatamgombeza tena kwa jambo hilo maisha yake yote, na hilo asingeliweza.

Jibu lilimjia Alhamisi, likiwa limeanikwa kwenye kamba ya nguo.

Lazima nieleze kidogo. Sakafu za kasri ni za mbao za zamani zilizong'arishwa kwa nta, na mgeni haruhusiwi kuzikanyaga. Mlangoni anapewa vipande viwili vya sufu nene, anaviweka chini ya viatu, na kuanzia hapo hatembei tena, anateleza. Wageni wote hufanya hivyo, wakubwa kwa wadogo, wameinama mbele kidogo na wameshikana mabega. Kazi ya kufua na kushona vipande hivyo ilikuwa ya Huguette. Alhamisi ile alivianika vyote uani, ili mara ya mwisho viwe safi.

"Hivi vya nini?" aliuliza Anselme, ingawa alikuwa akipita chini ya vipande hivyo tangu mkewe aanze kazi.

"Vya kuzuia miguu ya watu isiguse sakafu ya Mwinyi," alisema Huguette, akibana kingine. "Ndilo sharti lake. Mguu wa mgeni usiguse sakafu."

Anselme aliacha kutafuna. Alisimama pale na kipande cha mkate shavuni, akiitazama kamba. Halafu akachukua kofia, akaenda mkahawani kwa Firmin.

Firmin ni binamu yake, naye ni katibu wa tawi la Chama, tawi ambalo wanachama wake wote wanatosha meza moja. Ndiye pia mlinzi wa kiapo, maana yeye ni mtoto wa mtoto wa kwanza.

"Firmin, babu alisema nini hasa? Nataka maneno yake."

Firmin alivua kofia, kama afanyavyo anapomnukuu babu. "Mguu wa Poupardin hautakanyaga tena ardhi ya Valgondin wala sakafu yake."

"Mguu."

"Mguu."

"Hakusema mwili."

"Anselme, kunywa divai yako."

"Hakusema macho. Hakusema masikio. Hakusema matako."

Firmin aliweka chupa chini. "Matako yako yanataka kwenda wapi?"

"Juu ya kiti cha baiskeli. Miguu inakuwa juu ya pedali, sawa? Naingia langoni, napanda barabara yote mpaka kwenye ngazi za mlango. Pale naushusha mguu juu ya sufu. Sufu imeshonwa na Huguette, kwa sindano ya nyumbani kwangu, kwa uzi wa nyumbani kwangu. Nakwenda na sufu yangu ndani, narudi na sufu yangu nje. Nimekanyaga nini cha Valgondin? Hakuna."

Firmin alikuna kichwa. Alikwenda akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Umerogwa," alisema mwisho.

"Nimeoa."

Firmin naye alikuwa ameoa, akashindwa kubisha. Lakini alikuwa katibu, akatoa sharti. "Nitasimama langoni na darubini yangu ya kuwindia. Kiatu chako kikigusa kokoto moja, Anselme, moja tu, kadi yako ya Chama, ambayo unaniachia leo, naichana mwenyewe hapo hapo, na jina lako nalifuta kwenye meza hii. Utakunywa na padri."

Jumapili ikafika, jua limewaka, na kijiji kizima kikajidai kina shughuli karibu na lango la kasri. Sitasema uongo, hata mimi nilikwenda, nikamwambia mke wangu natafuta mbwa. Wageni walikwisha kuingia na basi lao. Huguette alikuwa ndani akiwagawia sufu, hajui lolote.

Anselme alitokea juu ya baiskeli yake ya kazi, ile ya zamani, amevaa koti la harusi. Alipofika langoni hakupunguza mwendo. Alipita. Tuliokuwapo tulisikia Firmin akivuta pumzi.

Baiskeli kwenye lami ni jambo moja, kwenye kokoto ni jambo lingine, na barabara ile inapanda. Katikati yake, pale pale nadhani alipovuliwa viatu Théodule, tairi la mbele lilianza kuzama. Baiskeli ikaenda kushoto, ikaenda kulia, ikasimama kabisa. Anselme alibaki juu yake, wima, miguu kwenye pedali, haendi mbele wala nyuma, uso umekuwa zambarau.

"Anaweka mguu!" alipiga kelele mtu.

"Hajaweka," alisema Firmin, darubini imemganda machoni. "Endesha, pumbavu wewe! Endesha!"

Sijui Mungu, ambaye Anselme alimkataa kila siku, alikuwa anafanya nini wakati ule. Baiskeli ikaondoka. Akafika mpaka kwenye ngazi, akaukumbatia mguu wa simba wa mawe aliyechongwa kando ya ngazi ili asianguke, akaita kwa sauti ya kazini.

"Ndugu Valgondin! Posta!"

Mwinyi Aymar alitoka. Alikuwa mzee sana sasa, koti limempwaya. Alimwona tarishi wake ndani ya lango, juu ya baiskeli, amemkumbatia simba, akashika ukingo wa mlango.

"Bwana Poupardin. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kutazama picha. Lakini siruhusiwi kukanyaga kwako, kwa hiyo niletee sufu huku nje, upesi, simba huyu anateleza."

Ningelipa kumwona Mwinyi mwingine yeyote akiambiwa hivyo. Huyu wetu alifikiri kidogo, akaingia ndani, akarudi na vipande viwili. Alipiga magoti, magoti yakalia, akakiweka kipande kimoja kwenye ngazi ya kwanza. Anselme akashusha mguu. Mwinyi akaweka kingine ngazi ya juu. Anselme akapanda. Mwinyi akachukua cha chini akakihamishia ngazi inayofuata. Hivyo hivyo ngazi zote, mwenye kasri amepiga magoti mbele ya miguu ya mpeleka barua, kijiji kizima kinatazama kutoka langoni.

"Polepole, Ndugu Valgondin," alisema Anselme. Alikuwa anafurahia sana. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba ngazi zilikuwa chache mno.

Ngazi ya mwisho Mwinyi hakuinuka mara moja. "Nilivitafuta viatu vya babu yako," alisema, bado yuko chini. "Nilipanda darini mwaka nilipoanza kupokea barua kwako. Watu wangu wametunza kila kitu, Poupardin. Nywele za bandia. Mbwa waliokaushwa. Jino la askofu. Viatu vya mtu hawakuvitunza. Niliona haya kukwambia."

Furaha ya Anselme ilimtoka kidogo. "Vilikuwa vya mjozi," alisema. "Mti mzuri. Inuka sasa, utapata baridi."

Akaingia anateleza.

Wageni walikuwa ukumbini mbele ya picha kubwa ya vita, na Huguette amewapa mgongo akieleza kwamba huyu Valgondin juu ya farasi mweupe hakuwa vitani siku hiyo, alikuwa kitandani na tumbo la kuendesha, lakini mchoraji alimtilia farasi kwa heshima. Wageni wakacheka. Anselme alijificha nyuma ya mtu mnene akacheka pia, mapema kuliko wenzake, kabla ya neno lenyewe. Waliteleza chumba cha pili, wakateleza cha tatu, ndoo zikidondokewa huku na huku, Anselme nyuma kabisa, Mwinyi kando yake. Hakuwahi kuona kuta zenye watu wengi kiasi kile, na wote walimkodolea macho. Aliwarudishia.

Kisha wakaingia chumba kidogo.

Picha ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Alikuwa ameijenga kichwani kwa miaka, upande wa pili wa ukuta wa kuku, akaifanya ukubwa wa mlango. Ilikuwa ya kukumbatika. Mwanamke, dirisha, bata, manyoya sakafuni. Na mbele yake mke wake, katika gauni la bluu, amenyooka, anatazamwa na watu wote kwa adabu. Huguette aligeuka kuwaelekea wageni aanze, na mtu mnene akasogea pembeni.

Akamwona.

Kwanza alitazama uso, halafu koti la harusi, halafu miguu juu ya sufu. Mdomo ulifunguka.

"Huyu mama," alisema Huguette. "Huyu mama..."

Hakuna kilichofuata. Mwanamke ambaye sauti yake ilivuka uwanja wa shule alisimama pale akimeza mate. Alijaribu tena, ikatoka hewa tupu. Wageni waliangalia chini. Mmoja akakohoa. Macho ya Huguette yalijaa, akaanza kutikisa kichwa kama mtu anayetaka kuomba radhi na kuondoka, mara ya mwisho kabisa, mbele ya picha ile kabisa.

"Huyu mama hana jina," ilisema sauti kutoka nyuma.

Watu waligeuka.

"Huyu mama hana jina," alirudia Anselme, kwa nguvu, akiwa amekunja mikono nyuma kama mwanafunzi, "na mchoraji wake hana jina. Hatujui ni wa mwaka gani. Toka hapo, Rozalia. Lakini tazameni mikono. Mikono ile haikutungwa, mtu aliikalia karibu akaitazama. Hapa tunanyamaza kidogo ili waone."

Akanyamaza kidogo. Wageni, bila kujua Rozalia ni nani, wakatazama mikono.

"Kidole gumba kina kovu la kisu," aliendelea, "na dirisha lina ufa, kwa hiyo anahisi baridi. Jenerali, nimesema shuka! Shuka hapo, mshenzi wewe! Amekaa upande ili mwanga uangukie kazi yake, si yeye. Nguo hii nimefua jana, Rozalia, ukinya hapa nakutia sufuriani." Kila sentensi ilimsogeza mbele. Watu walimpisha. "Na sasa kumbukeni hili mkitoka. Bata huyu hatamla yeye. Ataliwa ghorofani, na watu ambao hawajui jina lake. Na bado, tazameni, hakuacha unyoya hata mmoja."

Hapo alikuwa amefika mbele ya mkewe. Sentensi hiyo ya mwisho aliiona kuwa bora kuliko zote alizowahi kusoma kwenye gazeti la Chama, na alikuwa amengoja miaka yote amwambie.

Huguette alikuwa analia na kucheka pamoja. "Umesema mpaka maneno ya kuku," alisema.

"Sikujua maneno ya kuku yanaishia wapi na ya picha yanaanzia wapi. Wewe ulikuwa husemi."

"Ulikuwa unasikiliza."

"Kuku wote wanaijua! Mimi peke yangu ndiyo niwe mjinga?"

Wageni walianza kupiga makofi, maana Wafaransa wakimwona mtu analia mbele ya picha hupiga makofi. Katikati ya makofi hayo Mwinyi Aymar alimsogelea Anselme akamshika kiwiko, akamnong'oneza.

"Bwana Poupardin. Miguu yako."

Anselme alitazama chini. Viatu vyake, vya kazi, vyenye misumari, vilikuwa juu ya mbao za Valgondin. Vile vipande vya sufu vilikuwa mlangoni, vimebaki hapo tangu sentensi nyingi zilizopita, na kutoka mlangoni mpaka kwa Huguette kulikuwa na mikwaruzo kwenye nta, wazi kabisa.

"Mimi nimefumba macho," alisema Mwinyi, na kweli alikuwa amefumba. "Rudi taratibu. Hakuna aliyeona."

Anselme aliitazama mikwaruzo. Alimtazama mke wake, ambaye alikuwa ameacha kucheka na anangoja.

"Fumbua, Ndugu Valgondin," alisema. "Nimekanyaga. Na sakafu yako inalia kama mlango wa banda."

Walitoka jioni, wageni walipokwisha kuondoka na basi lao. Sisi tulikuwa bado langoni. Firmin aliinua darubini, akaishusha, akaifuta, akaiinua tena. Anselme alikuwa anashuka ile barabara ya miti kwa miguu. Aliisukuma baiskeli, na juu ya keria alikaa Huguette, maana kusimama kutwa kulimuumiza nyayo, miguu yake ya kwa baba yake inaning'inia upande mmoja, viatu mkononi. Kokoto zilisikika kila hatua. Hakuenda haraka. Mwinyi alimsindikiza upande wa pili, mkono kwenye usukani, wakibishana kuhusu nani atabeba picha ipi kesho, kwa sababu Anselme alikuwa amekwisha kuamua kwamba yule mama na bata wake hatapakiwa na mtu baki.

Walifika langoni. Firmin alikuwa ameishika kadi ya Chama ya Anselme kwa mikono miwili, tayari kuichana. Alimtazama binamu yake usoni, halafu kwenye viatu, vilivyojaa vumbi jeupe la Valgondin mpaka kwenye kamba.

"Umekanyaga," alisema Firmin, na sauti ilikuwa ya huzuni kuliko ya ukali. "Babu alitoka hapa peku, Anselme."

"Najua," alisema Anselme. "Mimi nimetoka na viatu."

Firmin akaikunja ile kadi, akaitia kwenye mfuko wa koti la harusi la binamu yake, na akaliacha lango ili wapite.